Hobey Baker inatabiri nini? Kwa nini nyota wengine wa vyuo wanawaka NHL na wengine wanafifia

#1 MstariWaBuluu
Wakuu, salaam. Kila Aprili tunabishana hili vipande vipande kwenye nyuzi za watu, leo nimeamua kulifungulia uzi wake. Hoja yangu: Hobey Baker, tuzo ya mchezaji bora wa hoki ya barafu kwenye vyuo vya Marekani, haikwambii mchezaji atafika wapi NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada. Kinachokwambia ni umri aliokuwa nao siku anaipokea.

Washindi tangu 2014:

2014 Johnny Gaudreau, Boston College, miaka 20
2015 Jack Eichel, Boston University, 18
2016 Jimmy Vesey, Harvard, 22
2017 Will Butcher, Denver, 22
2018 Adam Gaudette, Northeastern, 21
2019 Cale Makar, UMass, 20
2020 Scott Perunovich, Minnesota Duluth, 21
2021 Cole Caufield, Wisconsin, 20
2022 Dryden McKay, Minnesota State, 24
2023 Adam Fantilli, Michigan, 18
2024 Macklin Celebrini, Boston University, 17
2025 Isaac Howard, Michigan State, 21

Piga mstari kati ya miaka 20 na 21. Chini yake kuna Makar mwenye Kombe la Stanley (ubingwa wa NHL), Conn Smythe (mchezaji bora wa mtoano) na Norris (beki bora), vyote vya 2022. Kuna Eichel aliyebeba Kombe na Vegas 2023. Kuna Gaudreau aliyefikisha pointi 115 (mabao na pasi za mabao) msimu wa 2021-22, Mungu amrehemu. Fantilli alifunga mabao 31 msimu wake wa pili, Celebrini pointi 63 msimu wake wa kwanza. Juu ya mstari, tukimwacha Howard ambaye ndiyo kwanza anaanza, nionesheni mmoja aliyekuwa nyota. Nasubiri.

#2 KipaWaAkiba
Napinga kwa sababu mbili. Kwanza McKay ni kipa, na makipa hawapimwi kwa mizani hii. Kipa wa miaka 24 bado ni mchanga. Pili, umeanzia 2014 kwa sababu ndipo hesabu inapokubeba. Rudi nyuma: Chris Drury alichukua tuzo 1998 akiwa Boston University mwaka wa nne, miaka 21, na msimu uliofuata akachukua Calder, tuzo ya mchezaji mpya bora wa NHL, akiwa Colorado. Hapo mstari wako unakatika.

#3 Gongo_la_Kushoto
Kipa ana hoja. Connor Hellebuyck si alichukua Hobey akiwa UMass Lowell kabla hajaenda Winnipeg? Leo ana Vezina tatu, tuzo ya kipa bora wa NHL.

#4 KipaWaAkiba
@Gongo_la_Kushoto hapana, Hobey ya 2014 ilikwenda kwa Gaudreau. Hellebuyck alichukua tuzo ya Mike Richter, ya kipa bora wa vyuo, na mwaka huo ndio ilitolewa kwa mara ya kwanza. Vezina tatu ni kweli: 2020, 2024, 2025, na 2025 akaongeza Hart, ya mchezaji bora wa ligi.

Tazama njia aliyopita. Alichaguliwa wa 130 kwenye drafti ya 2012, pale timu za NHL zinapochagua vijana kwa zamu. Alipotoka Lowell hakupewa goli la Winnipeg, alipelekwa St. John's kwenye AHL, ligi iliyo chini ya NHL, akadaka michezo 58 msimu wa 2014-15. Sasa mlinganishe na Devon Levi wa Northeastern, Richter mbili mfululizo, 2022 na 2023. Buffalo walimsainisha Machi 2023 wakamwingiza golini NHL moja kwa moja, halafu ikabidi ashuke Rochester, timu yao ya AHL, kujifunza kazi. Chuoni kipa anadaka michezo miwili kwa wiki, Ijumaa na Jumamosi, siku tano zilizobaki ni mazoezi na kurekebisha makosa. NHL ni michezo mitatu au minne kwa wiki na ndege katikati. Mwenye kumfuatilia kipa ampe misimu miwili ya AHL kabla hajamhukumu.

#5 Mpenzi_wa_Sioux
Ngoja nimsaidie mleta mada kwa mfano ambao hakuutaja. North Dakota 2006-07, safu iliyoitwa DOT: Ryan Duncan, T.J. Oshie, Jonathan Toews. Watatu hao walicheza pamoja usiku baada ya usiku. Hobey ya 2007 ikaenda kwa Duncan, aliyekuwa na miaka 21. Toews alikuwa na 18.

Matokeo mnayajua. Toews makombe matatu na Chicago na Conn Smythe ya 2010. Oshie Kombe la 2018 na Washington. Duncan hakucheza NHL hata mchezo mmoja, aliishia kufanya kazi nzuri Austria. Safu moja, mwaka mmoja, aliyeonekana bora kuliko wenzake ndiye hakufika.

#6 DadaWaDuluth
@Mpenzi_wa_Sioux mfano mzuri ila mnautafsiri vibaya. Duncan hakuangushwa na umri, ni kimo. Alikuwa futi 5 na inchi 6, na hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti. Enzi zile mfupi alikuwa anafutwa kwenye orodha kabla hajagusa barafu. Caufield ni mfupi vilevile, ila mwaka 2019 Montreal walimchukua wa 15. Kilichobadilika ni ligi.

Na Perunovich wetu msimtupe kwenye kapu la umri. Bega lilifanyiwa upasuaji akakosa msimu mzima wa 2020-21. Januari 2022 mkono kwenye kifundo. Septemba 2022 bega tena, kwenye maandalizi ya msimu. Beki ambaye kazi yake ni kuanzisha mashambulizi anahitaji kucheza mfululizo ili ajifunze kasi ya wapinzani. Huyu hakupata mfululizo.

#7 MstariWaBuluu
@DadaWaDuluth majeraha nayakubali kwa Perunovich. Kwa Duncan, Martin St. Louis alikuwa mfupi, hakuchaguliwa kwenye drafti, alitoka Vermont, na mwaka 2004 akachukua Kombe, Hart na Art Ross (ya mwenye pointi nyingi zaidi) pamoja. Kimo peke yake hakitoshi.

#8 DadaWaDuluth
Na St. Louis alitoka Vermont baada ya miaka minne, kwa hiyo umri wako nao hautoshi 😄

#9 Kisahani_Cheusi
Hapo dada kamfunga mleta mada kwa kamba yake mwenyewe.

Mimi naona wote mnaruka jambo kubwa: timu aliyoichagua mchezaji. Vesey baada ya Harvard alikuwa mchezaji huru, akaikataa Buffalo iliyomchagua kwenye drafti, akaenda Rangers akawekwa nyuma ya watu wenye majina. Angekwenda mahali penye nafasi angekuwa mtu mwingine.

#10 Hakimu_wa_Mistari
Marekebisho. Buffalo hawakumchagua Vesey. Nashville ndio waliomchagua 2012, nafasi ya 66. Juni 2016 Buffalo walitoa chaguo la raundi ya tatu kununua haki ya kuzungumza naye, ikawapita, Agosti akasaini Rangers.

Na tuache kumwita Vesey aliyefeli. Ana zaidi ya michezo 600 ya NHL. Hakuwa mfungaji, akageuka mtu wa safu ya nne na wa kuzuia timu ikiwa pungufu kwa adhabu. Wengi waliotoka vyuoni wangeipokea kazi hiyo kwa mikono miwili.

#11 Mgeni_Barafuni
Samahani wakuu, nimeanza kufuatilia juzi. Hili la mtu kuchaguliwa na timu halafu anakuwa huru linatokeaje?

#12 Hakimu_wa_Mistari
Karibu. Fuata hatua kwa hatua.

Mchezaji anachaguliwa kwenye drafti akiwa na miaka 18, halafu anaingia chuo. Akiwa chuoni, haki zake zinakaa kwa timu iliyomchagua. Akimaliza miaka minne bila kusaini, timu ina mpaka tarehe 15 Agosti ya mwaka anaomaliza. Tarehe hiyo ikipita, yuko huru kusaini na yeyote. Ndivyo walivyotoka Kevin Hayes (Chicago walimchagua, Rangers wakampata 2014), Vesey, Butcher (Colorado walimchagua, New Jersey wakampata 2017) na Alex Kerfoot wa Harvard (New Jersey walimchagua, Colorado wakampata 2017). Mchezaji akiwa wa raundi ya kwanza, timu inayompoteza inafidiwa chaguo la raundi ya pili. Chicago walilipata kwa Hayes.

Watu wengi wanafikiri anayesubiri Agosti anafuata hela. Hapana. Akiwa chini ya miaka 25 lazima asaini mkataba wa kuanzia, na mkataba huo una kikomo cha mshahara kilekile kwa timu zote. Kwa hiyo timu zinashindana kwa ahadi ya nafasi kikosini. Butcher New Jersey walimpa dakika za wapinzani wakiwa pungufu tangu mwanzo, akamaliza msimu wa kwanza na pointi 44, 39 kati yake pasi za mabao. Dakika hizo zilipopungua na pointi zikaisha. Msimu wa 2021-22 na Buffalo ukawa wa mwisho kwake NHL.

Siku hizi timu hazisubiri Agosti. Zikinusa kwamba kijana hataki, zinamuuza mapema. Cutter Gauthier wa Boston College aliwakataa Philadelphia, Januari 2024 akapelekwa Anaheim kwa Jamie Drysdale na chaguo la raundi ya pili. Howard naye: Tampa Bay walimchagua wa 31 mwaka 2022, Julai 2025 akaenda Edmonton kwa Sam O'Reilly.

Makubaliano mapya ya ligi na wachezaji yanaanza Septemba 2026, kwa hiyo kwa vijana wanaokuja soma kanuni upya, usikariri hizi.

#13 Kisahani_Cheusi
Hakimu kajibu vizuri, na kwa Butcher kanipa ushahidi. Nafasi ndiyo iliyompandisha, na kukosa nafasi ndiko kulikomshusha.

#14 MstariWaBuluu
Au alikuwa na miaka 22 na ameshafika mwisho wa kukua, ndiyo maana msimu wa kwanza ukawa bora kuliko yote. Makar akiwa na miaka 26 ndipo alifunga mabao 30 msimu mmoja, 2024-25. Bado alikuwa anapanda.

#15 Peni_na_Karatasi
Umri una mkono wake, lakini unapita kwenye mkataba. Urefu wa mkataba wa kuanzia unakwenda na umri wa kusaini: miaka 18 hadi 21 mkataba wa miaka mitatu, 22 na 23 miaka miwili, 24 mwaka mmoja. Anayetoka chuo na miaka 22 ana misimu miwili tu ya kujithibitisha kwa bei rahisi, na ukisaini mwezi wa tatu au wa nne mara nyingi mmoja unaliwa palepale.

Kuliwa mwaka ni hivi. Msimu wa chuo unaisha, NHL bado inaendelea. Timu ikimsainisha mkataba unaoanza msimu huohuo na akacheza, mwaka wa kwanza umehesabiwa hata kama ni michezo miwili. Makar ndiye mfano safi. Aprili 13, 2019 UMass walifungwa 3-0 na Minnesota Duluth kwenye fainali ya vyuo. Aprili 15 alikuwa uwanjani na Colorado dhidi ya Calgary kwenye mtoano, akafunga bao mchezo wake wa kwanza. Mkataba wake wa miaka mitatu ukaanza 2018-19, kwa hiyo baada ya misimu miwili kamili tu akasaini wa miaka sita kwa dola milioni 9 kwa mwaka.

Kwa Makar ilikuwa faida. Kwa kijana wa kawaida wa miaka 22 inamgeukia, maana timu inalazimika kuamua hatima yake baada ya msimu mmoja.

Njia nyingine ni kuandikiwa mkataba unaoanza msimu ujao, halafu anamalizia mwaka AHL kwa mkataba wa majaribio wa mchezaji wa ridhaa. Hapo hakuna mwaka unaoliwa, na anaruhusiwa kucheza hata mtoano wa AHL. Ukiona habari imeandikwa "ameripoti AHL kwa majaribio", usisikitike. Timu imelinda mwaka wake.

#16 Mgeni_Barafuni
Shukrani sana. Sasa akishafika AHL, nitajuaje kama anaendelea vizuri? Pointi tu?

#17 Peni_na_Karatasi
Pointi ziangalie mwisho. Anza na mambo haya.

Idadi ya michezo anayovaa jezi. AHL ina michezo 72 na ratiba yake ina wikiendi za michezo mitatu kwa siku tatu. Kijana wa chuo aliyezoea Ijumaa na Jumamosi anachoka Januari. Akikalishwa jukwaani Jumapili ya tatu, ni kawaida. Akikalishwa Ijumaa, kuna tatizo.

Anacheza na nani, na wakati gani. Yupo barafuni wapinzani wakiwa pungufu? Yupo dakika mbili za mwisho timu ikiongoza kwa bao moja? Kocha anaonesha imani hapo.

Nafasi za vijana. AHL inalazimisha angalau wachezaji 13 kati ya 18 wa uwanjani wawe wa maendeleo, yaani 12 wenye michezo ya kulipwa isiyozidi 260 na mmoja asiyezidi 320. Kwa hiyo kuwepo kikosini mwaka wa kwanza bado si sifa.

Halafu jua ni lini timu haiwezi tena kumshusha AHL bila timu nyingine kupata nafasi ya kumnyakua. Mchezaji wa uwanjani aliyesaini na miaka 20 analindwa misimu mitatu au michezo 160 ya NHL, chochote kikitangulia. Aliyesaini na 22 ni misimu mitatu au michezo 70. Ndiyo maana kijana mdogo anapandishwa na kushushwa kila wiki, wala si dharau, ni kwa sababu inawezekana bila hatari. Chris Kunitz wa Ferris State alishushwa na Anaheim Oktoba 2005, Atlanta wakamnyakua, Anaheim wakamrudisha muda mfupi baadaye. Angebaki Atlanta historia ingekuwa nyingine. Alimaliza na makombe manne.

#18 Gongo_la_Kushoto
Kunitz hakuchaguliwa na yeyote kwenye drafti, na Ferris State si chuo kikubwa cha hoki. Nani hapa alimfuatilia tangu chuoni aseme alijua?

#19 Mpenzi_wa_Sioux
Watu wa Big Rapids, mji wa Ferris State, wote watakwambia walijua 😄

#20 TaaNyekundu
Nimewasoma wote na hakuna aliyegusa barafu yenyewe. Chuoni mchezaji anavaa wavu unaofunika uso mzima. Akifika kwenye ligi za kulipwa anavaa kioo cha nusu uso. Chuoni watu wanaingia kwenye kona vichwa mbele na magongo yakiwa juu kwa sababu uso umelindwa. Ukitoa wavu, kila mtu anaanza kupima umbali upya, na kwa wiki za kwanza unaona kijana anachelewa nusu sekunde kuingia kwenye ugomvi wa ubaoni. Nusu sekunde hiyo NHL inatosha kupoteza kisahani.

La pili, upana wa uwanja. NHL ni futi 200 kwa 85. Minnesota walicheza Mariucci kwenye upana wa futi 100 mpaka ulipopunguzwa 2023. Mshambuliaji aliyezoea kuzunguka pembeni na kupata sekunde moja ya kutazama, kwenye futi 85 anakutana na beki kabla hajainua kichwa. Mabao yake ya chuo yalitoka kwenye nafasi ambayo NHL haipo. Nikitazama marudio ya mchezaji wa chuo najiuliza swali moja: bao hili limefungwa kutoka wapi? Yakiwa mengi ni ya mbele ya goli, katikati ya watu, yanasafiri. Yakiwa ya pembeni kwa shuti refu, kipa wa NHL anayaona.

#21 KipaWaAkiba
TaaNyekundu kanikosha. Ongeza kwamba chuoni kipa wa upande wa pili anaweza kuwa mtu ambaye hatadaka tena baada ya kuhitimu.

#22 Hakimu_wa_Mistari
Kwa maelezo hayo Gaudette tunamweka wapi? Alichukua Hobey na miaka 21, akapita timu kadhaa, wengi wakamfuta. Msimu wa 2023-24 aliongoza AHL nzima kwa mabao 44 akiwa Springfield. Msimu uliofuata Ottawa wakampa nafasi, akafunga 19 kwenye NHL, mengi karibu na goli. Hakukua tena kimwili. Alibadilisha mahali anapofungia, na alipata kocha wa kumtumia hapo.

#23 Kisahani_Cheusi
Nafasi! Nasema tangu #9.

#24 TaaNyekundu
Mbele ya goli! Nasema tangu #20.

#25 MstariWaBuluu
Mabao 19 ni kazi ya heshima, ila swali langu lilikuwa nyota. Bado nasubiri.

#26 BintiWaKazmaier
Mnajadili wanaume tu. Wanaofuatilia upande wa wanawake wana raha nyingine kabisa. PWHL, ligi ya kulipwa ya wanawake iliyoanza kucheza Januari 2024, kwa kawaida inamchukua mchezaji wa chuo baada ya kumaliza muda wake wa chuo. Kuondoka mwaka wa kwanza si kawaida, kwa hiyo mashabiki wa chuo mara nyingi wanapata miaka yote minne ya mchezaji wao. Umri wa mleta mada haufanyi kazi huku: Taylor Heise wa Minnesota, tuzo ya Patty Kazmaier (Hobey ya wanawake) 2022, wa kwanza kwenye drafti ya 2023, akaichezea timu ya PWHL ya Minnesota na kuwa mchezaji bora wa mtoano walipobeba Kombe la Walter, ubingwa wa PWHL, 2024. Sarah Fillier wa Princeton, wa kwanza 2024, msimu wake wa kwanza alimaliza sawa na Hilary Knight kileleni kwa pointi 29 katika michezo 30.

Kama tatizo la wanaume ni kwamba aliyebaki miaka minne ameshachujwa na waliotangulia kuondoka, basi umri ni dalili, chanzo kiko kwingine.

#27 DadaWaDuluth
Umenena dada. Wazuri zaidi wanaondoka na miaka 19, halafu tuzo inagawanywa kwa waliobaki, kisha tunawashangaa waliobaki.

#28 MstariWaBuluu
@BintiWaKazmaier hiyo ni hoja nzito na inanipa kazi. Lakini kwa shabiki anayetaka kujua amtazame nani, dalili inamtosha.

#29 Peni_na_Karatasi
Dalili yenyewe inakwenda kubadilika. Novemba 2024 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, iliruhusu wachezaji wa ligi za vijana za Kanada, na kanuni ikaanza Agosti 1, 2025. Gavin McKenna, mmoja wa vijana hao, akaenda Penn State. Sasa chuoni wataingia vijana wa miaka 18 waliokwisha kucheza michezo mingi migumu, na wa mwaka wa nne watapambana nao kwa nafasi. Mpaka 2025 waliochukua Hobey mwaka wa kwanza chuoni ni Paul Kariya 1993, Eichel, Fantilli na Celebrini, wanne tu. Idadi hiyo sitarajii ibaki hapo.

#30 Mgeni_Barafuni
Swali la mwisho kabla sijalala: kwa tulioko Nairobi na Dar, michezo ya vyuo tunaitazama saa ngapi?

#31 Gongo_la_Kushoto
Mchezo wa saa moja jioni upande wa Boston ni saa tisa usiku kwetu kuanzia Novemba. Katikati ya Machi wao wanasogeza saa zao mbele, kwa hiyo muda wa nusu fainali na fainali za Aprili unarudi nyuma kwa saa moja. Mchezo wa Denver au Colorado College wa saa hiyohiyo ya jioni kwao unaanza saa kumi na moja alfajiri yetu. Huo uamkie, usiukeshee.

#32 Kisahani_Cheusi
Na Gaudette ukimtafuta, mtafute mbele ya goli, amepewa nafasi.